Mkutano wa Maji Siku ya Maji

Mtaani walimwita Bi Bili, na hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jingine. Kazi yake katika shirika la maji la mkoa ilikuwa kuwaeleza wateja mambo wasiyotaka kuyasikia, na kwa kazi hiyo alijaliwa mdomo mwepesi na uso mkavu. Nyumbani tu ndiko alikoishiwa maneno. Aliishi kwa mama mkwe wake, mama mwenye nyumba yake, sauti yake na mapipa yake ya maji. Mumewe, dereva wa lori, kila penye ugomvi alikuwa safarini. Wengine wangesema ana bahati. Mimi nasema alikuwa mjanja.

Safari hii shirika lilimtwika mzigo: aitishe mkutano wa mtaa wake mwenyewe, wakubali nyongeza kwenye bili. Benki ilikuwa tayari kulikopesha shirika fedha za pampu ya pili, ila kwanza ilitaka kuona wateja wamekubali kulilipa deni hilo. Mitaa mingine ilishasema ndiyo. Wa kwake ukigoma, mkopo unaota mbawa, na ile pampu moja iliyochoka itaendelea kupumzishwa huku watu wakipewa maji kwa zamu.

Basi akatangaza mkutano, akapanga viti, akavaa viatu vya kubana. Saa ikafika. Ukumbini alikuwepo yeye, mwenyekiti wa mtaa, na paka.

"Wamesusa?" akauliza.

Mwenyekiti akamtazama kwa huruma. "Dada yangu, leo maji yanatoka."

Lo! Mtu wa maji ameitisha mkutano wa maji siku ya maji! Mtaa mzima ulikuwa uani na ndoo. Zamu zilipangwa ofisini kwake, zikabandikwa ukutani karibu na meza yake, naye hakujua zamu ya kwake. Angejuaje? Kila siku alitoka asubuhi, akarudi jioni akakuta mapipa yamejaa, kama vile yanajijaza yenyewe.

Akarudi nyumbani akichechemea. Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya pipa, gauni limelowa, mkono mmoja kiunoni.

"Lete nikusaidie, mama."

"Kumbe unajua na njia ya uani!" mama mkwe akasema bila kuinua kichwa. "Shika ndoo hiyo. Na vua viatu, usije ukaanguka ukanitia gharama."

Wakajaza, wakabeba, wakamimina. Muda si mrefu mgongo wa Bi Bili ukawaka moto, na bomba likakohoa, likakauka kabla pipa la mwisho halijajaa. Mama mkwe akalitazama lile bomba kwa jicho ambalo Bi Bili alidhani limewekwa kwa ajili yake tu. Aliona haya. Miaka yote ile hakuwahi kuuliza nani anajaza.

"Mkutano wako uitishe siku ya ukavu," mama mkwe akasema akikamua pindo. "Watakuja. Na hasira zao, lakini watakuja."

"Na wewe, mama?"

"Mimi ndiye mwenye hasira kuliko wote."

Walikuja kweli, wakajaa mpaka madirishani. Hotuba aliyoandikiwa ofisini Bi Bili aliiacha mkobani.

"Bili zenu zinalipa umeme wa kusukuma maji, dawa ya kuyasafisha, na mishahara, wangu ukiwemo," aliwaambia. "Baada ya hapo mfuko mtupu. Pampu haiwezi kununuliwa kwa mfuko mtupu. Benki itatukopesha, nasi tutairudishia kidogo kidogo kutoka kwenye bili, mpaka deni liishe."

"Na yale yanayovuja barabarani?" akafoka fundi viatu. "Nayo tunayalipia sisi?"

"Mnayalipia," akakubali. Ukumbi ukanguruma. "Ndiyo maana sehemu ya mkopo ni ya kubadilisha mabomba."

Fundi cherehani akasimama, mtu ambaye hajawahi kukubaliana na chochote ila vipimo vyake. "Maneno matamu hayo. Benki isipolipwa, itakwenda mahakamani. Sisi tukilipa nyongeza na pampu isije, tutamkamata nani?"

Bi Bili akautazama mkoba wenye ile hotuba. Angeahidi nini? Pampu si yake, benki si yake, hata kiti anachokalia ofisini si chake. Aliona watu wakigeukiana na kutikisa vichwa, akajua mtaa unamponyoka.

Hapo mama mkwe akainuka kule nyuma. Bi Bili akafumba macho. Sasa ndiyo basi tena.

"Mtakuja kwangu," mama mkwe akasema. "Huyu anakula kwangu, analala kwangu. Pampu isipokuja, njooni mtamkuta, na mimi mtanikuta. Ni mwanangu huyu. Mimi nalipa."

Tangu aolewe, Bi Bili hakuwahi kumsikia mama yule akimwita hivyo, kwa heri wala kwa shari. Mikono ikaanza kuinuka, wa fundi cherehani ukiwa wa mwisho, na mwenyekiti akaihesabu kwa sauti. Bi Bili hata hesabu hakuisikia. Alikuwa amesimama mbele ya mtaa mzima akilia kwa kwikwi, na mama mkwe akimkemea kutoka nyuma afute uso haraka, asije akawafanya watu waghairi.