Dirisha la Jikoni

Nilitoka Lodwar kwa basi, nikalala Kitale, nikafika kwa wazazi Makongeni, mtaa wa nyumba za reli, kesho yake jioni. Baba alikuwa amestaafu kazi ya reli zamani, na mama alikuwa amekubali kuhamia Bungoma, kwao baba, lakini alikataa kuchagua fundi wa kumjengea nyumba bila mimi, mtoto wake wa kutangatanga.

Tuliwaalika mafundi wawili kula nyama choma katika soko la Burma. Mama aliwauliza swali moja tu: "Dirisha la jikoni litatazama wapi?"

"Nyuma, mama, moshi utoke," akasema wa kwanza, huku akivuta mbavu.

Wa pili aliacha kutafuna. "Jirani yako huko ni nani?"

"Shemeji yangu. Mdomo kama redio."

"Basi litatazama kwake. Ama utapiga stori na ukuta?"

Mama akamsogezea sahani nzima. Huko Makongeni alikuwa amepika maisha yake yote akiongea na jirani dirishani, na hilo ndilo aliloogopa kupoteza.

Nyumba ilipokamilika, siku tuliyohama kabisa, nilipakia vitu peke yangu. Mama alikuwa dirishani.

"Shemeji akikushinda, rudi!" jirani akapaza sauti.

"Wewe ndiye uje, mvivu wewe! Dirisha liko."