Alichomwambia Mama Yake kwa Simu

Dada yangu, niliyekuwa nikikaa naye katika mtaa wa Tena, alinishauri niseme niliacha kazi kwa sababu ya ugonjwa. Asubuhi ya mahojiano, akininyooshea blauzi kwa pasi ya makaa, alinikaririsha jibu hilo mara tatu. Lakini nilipokalishwa mbele ya mkuu wa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha uchapishaji, mama wa makamo mwenye sweta ya kijani, akaniuliza kwa nini niliondoka nilikotoka, ugonjwa wote ulinitoka kichwani.

"Nilifutwa," nikasema. "Nilikuwa opereta wa simu, nikasikiliza maongezi ya meneja."

Akaweka kalamu chini. Akauliza walinigunduaje. Nikamweleza kwamba nilicheka. Meneja wetu alikuwa mtu mkali. Makarani walinyamaza wakisikia viatu vyake tu. Siku hiyo alimpigia mama yake, aliyekuwa akingoja kwenye simu ya duka moja huko Machakos. Waliongea Kikamba, lugha yangu pia. Nilipaswa kuwaunganisha kisha nitoke kwenye laini, lakini sauti ya yule bwana iligeuka ghafla ikawa ya mtoto, nikashindwa kuiacha. Akasema jambo moja, kicheko kikanitoka, naye akakisikia. Kabla ya saa sita nilikuwa nje ya lango na mkoba wangu.

"Alisema nini?" yule mama akauliza.

Nikamwambia hilo siwezi kulisema. Akauliza tena, akisema kwamba yeye hamjui mtu huyo wala hatamjua kamwe. Nikajibu kwamba aibu niliyomtia ilitosha. Akaandika neno moja kwenye karatasi yake. Nilitoka nikijua nimejiharibia.

Wiki iliyofuata niliitwa, nikapewa swichibodi ya simu. Mimi na yule mama tulifanya kazi pamoja miaka saba, na miaka yote hiyo niliamini kwamba alikuwa akinipima kama naweza kutunza siri. Siku alipostaafu, tulipokuwa tukinywa chai ya kumuaga, nikamuuliza.

"Kukupima? Hapana, binti yangu. Nilikuajiri kwa sababu unatamka maneno vizuri," akasema. "Lile lingine nilitaka tu kujua. Mpaka leo nataka."

Akasogeza kiti chake karibu na changu, akangoja. Nikamwongezea chai.