Nakala Niliyoondoka Nayo

Chumba tulichofanyia kazi kilikuwa mtaa wa Kikuyu, pale mjini kwetu, nyuma ya duka la vifaa vya shule, na kilikuwa na meza mbili. Moja yangu, nyingine ya kaka mmoja aliyenitangulia mwaka mmoja chuoni. Yeye ndiye aliyeanzisha programu ya kamusi: unaandika neno la kwenu kwenye simu, unaeleza maana yake kwa Kiswahili, kisha unamrekodi mzee akilitamka. Ilikuwa programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi ya kompyuta yanayoiendesha, ulikuwa wazi mtandaoni, na mtu yeyote aliruhusiwa kuuchukua na kuubadili. Aliiandika kwa ajili ya Kigogo cha bibi yake. Mimi nikaingia kwa sababu ya Kisandawe cha mama yangu.

Kisandawe kina vidoko, zile sauti za kugonga ulimi ambazo wengine huzitumia kusikitika tu. Kwetu ni herufi kamili. Programu haikuzitambua hivyo. Ilizihesabu kama alama za uandishi, ikayarundika maneno ya mama yangu mwisho kabisa wa orodha, baada ya Z, bila mpangilio wowote.

Niliandika marekebisho nikamtumia. Akasema atayaangalia. Nikatuma tena, na mara ya tatu, naye amekaa hatua chache tu kutoka kwangu.

"Dada, nielewe," aliniambia hatimaye, bila kugeuka. "Nikigusa upangaji wa herufi nitawavurugia wanaoandika Kigogo na Kirangi. Hao ndio wengi. Nyie subirini kidogo."

"Tusubiri mpaka lini?"

"Mpaka nipate nafasi."

Lililoniuma ni lile "nyie". Miaka miwili nilikuwa nikisahihisha makosa ya programu ile, kumbe bado nilikuwa mgeni. Wiki hiyohiyo nikachukua nakala ya msimbo wote, nikaipa jina jingine, nikaanza kuiendeleza kivyangu. Sikuiba; leseni aliyoiweka mwenyewe iliruhusu. Nilipomwambia, alitikisa kichwa akasema, "Haya. Kila la heri." Mchana ule nikahamisha kompyuta yangu.

Sitasema uongo, miezi ya kwanza ilikuwa mitamu. Nilibadili nilichotaka bila kumwomba mtu ruhusa. Niliwapa vidoko nafasi yao kwenye alfabeti, na siku nilipomwonyesha mama, alipitisha kidole kwenye kioo cha simu taratibu, neno baada ya neno, akisoma kwa sauti. "Kumbe yanaandikika," alisema.

Aliyekuwa wa kwanza kuhamia kwenye programu yangu ni mwalimu mmoja mstaafu wa Chemba. Alikuwa akimrekodi mama yake mzazi, kikongwe aliyekuwa haoni tena lakini alikumbuka maneno ambayo hata mama yangu hakuyajua. "Sasa na sisi tuna chetu," mwalimu aliniambia.

Ambacho sikukipima ni upweke. Kule nilikotoka, watu wa kujitolea walikuwa wakiipitia kazi ya kila mmoja na kukamata makosa. Huku nilikuwa peke yangu, na asubuhi nilikuwa na ajira yangu ya kufundisha. Mwanzoni kila alichorekebisha yule kaka nilikinakili kwangu. Baadaye msimbo wangu ukawa tofauti mno, marekebisho yake hayakuingia tena. Mwisho nikaacha kusoma matangazo yake. Nikiwa mkweli, niliacha kwa kiburi kabla sijaacha kwa kushindwa.

Programu ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, tangu tukiwa pamoja. Sauti zilihifadhiwa mahali ambapo simu ikijaa hufuta yenyewe ili kupata nafasi. Yeye aliigundua, akairekebisha, akatangaza. Kwangu ilibaki vilevile.

Mwalimu alinipigia simu akiwa mtulivu. "Mwanangu, sauti za mama sizioni."

Simu yake ilikuwa imejaa picha za harusi ya mjukuu. Nilikwenda Chemba, nikashinda kutwa nzima nikihangaika na ile simu. Maneno yaliyoandikwa yalikuwepo yote. Sauti hakuna. Na mama yake walikuwa wamemzika msimu wa kilimo uliopita.

"Hata moja?" aliuliza.

"Hata moja, mwalimu."

Kisha akanikaribisha chai, na nililazimika kuinywa yote mbele yake.

Niliporudi mjini nilimfuata yule kaka mtaa wa Kizota, kwenye karakana alikokuwa akitengeneza mashine za kuchapisha. Sikusalimia.

"Ulijua kuhusu ile kasoro."

"Niliitangaza. Kila mtu aliona."

"Ukashindwa kunipigia?"

"Ulisema una chako, dada."

"Ungeyapokea marekebisho yangu nisingeondoka!"

Alifuta wino mikononi kwa kitambaa, muda mrefu. "Hilo nalo kweli," alisema, akarudi kwenye mashine yake. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Mwaka uliofuata vidoko viliingizwa kwenye programu yake. Aliyeviingiza ni mtu wa mbali tusiyemjua, na ilimchukua siku moja. Kigogo hakikuvurugika, Kirangi hakikuvurugika. Nilisoma tangazo lile nikiwa kazini, nikatoka nje nikasimama ukutani mpaka kengele ya kipindi ikalia. Lakini Wasandawe wachache waliokuwa wakiitumia walikuwa wametawanyika: wengine kwangu, wengine kwake, wengi wameacha kabisa. Kuyaunganisha maneno yao mpaka leo hakuna aliyeweza, maana kila upande uliyahifadhi kwa namna yake.

Nilimpigia mwalimu kumweleza kwamba ile programu ya kwanza sasa iko sawa, na kwamba naweza kwenda kumwekea. Akaniambia amenunua daftari kubwa la jalada gumu, anaandika humo yale anayoyakumbuka.

"Na matamshi, mwalimu?"

"Matamshi ninayo mimi," alisema. "Acha tu, mwanangu. Usijisumbue kuja."