Mtoto Akisema Vita

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mgonjwa hata mmoja. Mkuu wa Wauguzi, mtawa mrefu aliyetembea bila kusikika, alilitazama gauni langu jeupe, lililopigwa pasi na mama kwa majivuno yote, akanipeleka stoo kukunja mashuka ya vitanda vya watoto. Nilikunja mpaka mchana. Nilipomaliza akaniambia, "Sasa unajua mtoto mgonjwa ana ukubwa gani. Kesho utaanza." Nilidhani ananitania. Baadaye nilijua kwamba hakuwa mtu wa utani, hata siku ya Krismasi.

Hospitali yenyewe ilikuwa upande wa Kamenge. Watu wa Bujumbura humwita muuguzi muforoma, na mimi nimeitwa Mama Muforoma muda mrefu hata watoto wa majirani wakadhani ndilo jina langu la ubatizo. Kutoka wodi ya watoto nilihamishiwa zahanati moja ya Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa siku nyingi, mafundi magari na wenye maduka. Huko ndiko Kiswahili changu kilikokomaa. Ukiwasalimia kwa Kirundi walikuitikia kwa adabu. Ukiwasalimia kwa Kiswahili walikuvutia kiti. Uhamisho wangu wa mwisho, na mrefu kuliko yote, ulikuwa kitengo cha afya ya akili ya watoto.

Vijana wanaosomea kazi hii leo huniuliza tulifanyaje bila vifaa. Tulikuwa na meza fupi, kalamu za rangi, sanduku la vinyago na masikio. Kwanza tulichukua anamnezi, yaani historia ya mtoto kama mzazi anavyoieleza: alizaliwaje, analalaje, anakula nini, nani amekufa nyumbani. Kisha mzazi alitoka nje, mtoto akaachwa acheze atakavyo, nasi tukatazama. Mtoto anayemlaza mwanasesere na kumfunika, huyo ana habari moja. Anayemfungia mwanasesere ndani ya sanduku na kulikalia, huyo ana nyingine.

Mkuu wangu wa kwanza pale, Daktari Mkuu wa Kitengo, alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila Jumatatu. "Vita haviulizwi," alisema. "Mtoto akilitaja neno hilo, nyamaza. Mpe kalamu, ngoja. Atakuletea mwenyewe atakachoweza kukibeba." Ilikuwa sheria nzuri. Miaka ile watoto waliotujia walikuwa wamepita kwenye mambo ambayo mtu mzima hapaswi kumtoa mtoto kinywani kwa koleo. Na sisi wenyewe, tuseme kweli, tulikuwa na yetu. Kunyamaza kulitufaa pande zote mbili za meza.

Daktari huyo alistaafu, miaka ikapita, nchi ikatulia kiasi chake, na watoto wakabadilika. Walianza kuja waliozaliwa baada ya yote. Alikuja mtoto mdogo wa Kiriri, kwenye majumba ya kule mlimani, aliyeshikishwa tableti tangu aanze kukaa. Alihesabu kwa Kiingereza kama kasuku lakini hakugeuka alipoitwa jina lake, na mama yake alikuja kutuuliza kama ni dalili ya akili nyingi. Kutoka Kamenge walikuja wavulana waliokuwa wakishinda kwenye vibanda vya video. Walipigana shuleni, na mwenzao akitoka damu walibaki wanamtazama kama wanaongojea asimame kwa onyesho linalofuata. Sikusema wakati ule, wala sisemi sasa, kwamba kioo cha video na tableti ndicho kilichowaharibu wote. Nimeona watoto wengi waliotazama kila kitu na bado wakakua watu wazuri. Nasema tu kwamba tulianza kuongeza swali moja kwenye anamnezi: nyumbani mnatazama nini? Wazazi wengi walicheka. Walikuwa wamejiandaa kuulizwa juu ya degedege.

Ndipo akaletwa Zaina.

Alikuwa darasa la pili. Mama yake alifariki angali mchanga, naye aliishi Buyenzi na baba yake, fundi magari mpole mwenye mikono mikubwa, tuliyemwita Baba Zaina. Aliyemleta hakuwa baba bali bibi, mama wa marehemu, aliyekuwa amekuja kutoka Rumonge kusalimia na kumkuta mjukuu amekonda. Mtoto halali, alisema bibi. Mlango ukigongwa anaingia chini ya meza. Shuleni anasinzia, akiguswa anapiga kelele. Nilipomuuliza bibi nyumbani wanatazama nini, alijibu kwamba yeye ni mgeni, na tangu afike muda wake wote unakwenda kwa huyu mtoto.

Nilimkalisha Zaina kwenye meza fupi. Alichora nyumba, akachora watu wenye bunduki wakubwa kuliko nyumba, kisha akasema bila kuniangalia, "Vita inakuyaka kwetu kila siku. Saa mi natoka ku masomo."

Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Nikamsogezea kalamu nyekundu.

"Baba njo anailetaka," akaongeza.

Katika umri wangu, ukisikia vita, neno hilo lina maana moja tu, na baba anayeleta vita nyumbani kila siku ni mtu wa kuogopwa. Wenzangu kitengoni waliposikia, wote walikuwa wa rika langu, wote walielewa vilevile. Mmoja alisema mwanamume huyo lazima anampiga. Mwingine alisema huenda akilewa anakumbuka mambo na kumtisha mtoto. Mwislamu yule hakuwahi kuonja hata bia, lakini nani aliuliza? Bibi naye, aliyekuwa ameketi mlangoni na masikio yake mazima, alisimama. "Mi namubeba mutoto wangu Rumonge," alisema. "Binti yangu alisha kufa. Huyu hatanifia." Alichohitaji ni Daktari Mkuu akubali tu, na baba asingekuwa na la kusema.

Baba Zaina aliitwa. Alikuja na ovaroli yake ya gereji, akaelezwa kwamba huenda mtoto akahamishwa. Hakubishana. Alikaa, akaweka mikono magotini, akasema, "Huyu njo mutu mi niko naye. Mukimubeba, mi nitabaki na nani?" Nilimhurumia, na nikajikasirikia kwa kumhurumia.

Daktari Mkuu wa wakati ule alikuwa kijana. Alilelewa na kusomea ng'ambo, na ile sheria yetu ya Jumatatu hakuwahi kuisikia. Alichuchumaa karibu na Zaina na kumuuliza, mbele yetu sote, kama mtu anayeuliza habari ya mvua: "Zaina, hiyo vita inamalizikaka saa gani?"

Niliona haya kwa niaba yake. Lakini mtoto alimjibu palepale.

"Umeme ikikatika."

Kisha Baba Zaina akaanza kucheka, akajipiga paji la uso, akacheka mpaka machozi. Vita! Watoto wa Buyenzi huziita hivyo filamu za mapigano. Za mapenzi ni mapenzi, za kuchekesha ni komedi, na zile za bunduki na mabomu ni vita. Tunaona vita, lete vita, vita ya leo ni kali. Kila jioni fundi alirudi na flashi mpya kutoka gereji, akaichomeka kwenye televisheni, akafungua sauti mpaka kwa jirani. Sisi wataalamu wa vita hatukulijua neno hilo kwa maana ya watoto wetu wenyewe.

"Ni filme tu, Dokta!" alisema. "Wanacheza! Hakuna mutu anakufaka!"

Hata mimi nilitabasamu. Bibi alikaa tena. Nilidhani kazi imekwisha, tumpe mtoto biskuti waende zao. Daktari hakutabasamu.

"Kujua kwamba wanacheza ni kazi ya kichwa," alisema. "Kuogopa ni kazi ya mwili, na kwa mtoto wa umri huu mwili hauwezi kungoja kichwa. Halali, baba. Hali. Risasi ni za uongo, lakini huku kukonda si kwa uongo." Kisha akamuuliza kwa nini iwe kila siku, na kwa nini kwa sauti kubwa vile.

Fundi aliacha kucheka. Alitazama ovaroli yake. "Nyumba ikinyamaza," alisema polepole, "mi naanza kusikia ile ya zamani. Ya mu filme, mi najua itamalizika, na yule muzuri atapona. Nikisikia hiyo, ile ingine siisikie."

Hapo hakuna aliyeuliza zaidi, hata daktari. Bibi alivuta ushungi wake akafunika mdomo.

Tukakubaliana hivi: televisheni izimwe kila mara mtoto anapokuwa nyumbani, mpaka likizo kubwa. Zaina akirudia usingizi wake, abaki na baba. Asiporudia, aende Rumonge. Bibi alikubali kwa shingo upande. Baba alikubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Walirudi kila wiki mbili. Mara ya kwanza mtoto alikuwa vilevile, na baba amekuwa mbaya kuliko mtoto, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa. "Mutoto anasikilizaka mlango," aliniambia kwenye benchi, "na mi namusikiliza yeye." Mara ya pili alisema aliiwasha tena televisheni siku moja, akaizima mwenyewe. Niliandika, sikumgombeza. Mara ya tatu sikuwepo, kwa kuwa muda wangu wa kustaafu ulikuwa umefika. Walinikatia keki, Daktari Mkuu akasoma hotuba nzuri yenye makosa mawili katika jina langu, nikarudi nyumbani Mutanga Nord. Mgonjwa ukishamkabidhi humfuatilii, ndiyo kanuni, nami niliitii. Lakini likizo ilipoanza niliitazama barabara ya Rumonge kichwani mwangu, nikimwona yule mtoto ndani ya gari.

Kustaafu kumenipa wateja wa bure. Baada ya misa kina mama hunishika mkono: Mama Muforoma, mtoto akae na simu saa ngapi kwa siku? Wanataka nambari, kama dozi ya sirapu. Ninawaambia kidogo, na wakae naye wakitazama, na usiku simu ilale chumba kingine. Kisha ninawauliza wao: mkizima, ndani ya nyumba kunabaki nini? Hawalipendi swali hilo. Mmoja alinijibu, "Kunabaki mume wangu," tukacheka wote wawili.

Mwaka huu gari la mwanangu liligoma, nikaongozana naye Buyenzi kutafuta fundi. Mtu aliyetoka chini ya gari alikuwa Baba Zaina. Alifuta mkono kwenye ovaroli kabla ya kunipa, nami sikuweza kujizuia, nikauliza kama mtoto yuko Rumonge.

"Apana, Mama. Yuko ku masomo. Alirudia kulala."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale katikati ya gereji. Nikamuuliza aliishindaje televisheni.

"Mi sikuishinda. Siku moja nilikuwa nimekaa tu, kimya, na yeye amekaa. Akaniuliza: Baba, ile vita yako, we ulijificha wapi?" Alinionyesha shimo lile ambalo mafundi huingia kutengeneza gari kwa chini. "Nikamwambia: mu shimo, ku gereji. Siku mingi. Mi sikuwai kuambia mutu. Akafikiri. Akaniuliza kama nilikuwa na blanketi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia apana," alisema fundi. "Akaenda kuniletea yake."