Siku Niliposema Yaya

Nakumbuka siku waliyonifunga kizazi, mwanangu, wala sitaizungukazunguka. Ilikuwa asubuhi, nimetoka tu kumenya ndizi, na aliyenipeleka ni wifi yangu Moraa, dada wa mume wangu. Namtaja jina. Yeye yu hai na mimi ni hai, na anayetaka kubishana aje Manga aulize nyumba yangu.

Kwanza nikwambie kwamba niliugua kweli. Nilipomzaa Kwamboka, mtoto wangu wa kwanza, usingizi ulinihama. Nikaanza kusikia watu wakinisema ndani ya ukuta. Siku moja nilimlaza mtoto katikati ya michai nikaenda zangu, jirani ndiye aliyesikia kilio chake. Hilo silifichi, na bado linaniuma. Lakini nilipelekwa hospitali, nikapewa vidonge, na baada ya miezi michache nilikuwa nachuma chai, napika, naimba kanisani siku ya Sabato. Kichwa kilikuwa kimetulia.

Mama mkwe wangu Kerubo alikuwa ameshakata shauri. "Huyu akizaa tena atatujazia wendawazimu bomani," alisema, mimi nikiwa hapo hapo nasikia. Mume wangu Ombati alikuwa anakunywa uji. Akaendelea kunywa. Naye namwandika hapa kwa huko kunyamaza.

Kliniki yenyewe ilikuwa ya mtu binafsi, mjini. Nesi alikuwa mgeni, hajui lugha yetu ya Ekegusii hata salamu. Mimi niliishia darasa la tatu, na Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha kuitikia tu; hiki cha kuandika nilijifunza ukubwani. Basi Moraa akawa ndiye mdomo wangu. Nesi alisoma karatasi, maneno mengi, halafu Moraa akanigeukia akasema kwa lugha yetu, "Anauliza kama unataka kutibiwa usiugue tena." Nikajibu, "Ee." Ndiyo. Hata angeniuliza jambo jingine ningejibu hivyo hivyo, maana nilifundishwa kwamba mke habishani na watu wa mume wake, na kuitikia nikakuona ndiko adabu. Hilo ndilo kosa langu la ujana. Wakanishika kidole, wakakipaka wino, wakakibandika kwenye karatasi.

Nilipozinduka kutoka kwa hiyo adabu yangu nilikuwa nimelazwa kitandani, naona mikasi kwenye sinia. Nikapiga kelele, "Yaya! Yaya!" Sasa, kwetu sisi yaya ni hapana. Nesi akanipapasa bega. "Mama, usihangaike na yaya. Mtoto yuko na shangazi yake hapo nje." Nikazidi kulia, "Yaya!" Akamwuliza Moraa mlangoni, "Kwani huyu ana yaya nyumbani?"

Moraa, ambaye alikuwa ananielewa neno kwa neno, akasema, "Anaye, sista. Mdunge tu sindano. Ni ule ugonjwa wake."

Nilikuja kujua miaka minne baadaye, nilipokwenda hospitali nyingine kuuliza kwa nini mimba haiingii. Na unajua Ombati alifanya nini? Alioa mke wa pili, akisema mimi nimeshindwa kumpa mvulana. Kerubo alipiga vigelegele kwenye harusi hiyo mpaka sauti ikamkauka.

Juzijuzi alikuja profesa wa chuo kikuu, mwanamke wa rika langu. Kazi yake ni kuuliza wanawake waliougua akili walifanyiwa nini katika mambo ya uzazi, na nani aliamua. Alikuja na msichana wa kutoka Sironga wa kumtafsiria, maana mambo mazito bado nayasema kwa lugha yetu, na mimi nilipomtazama yule msichana nilimwona Moraa. Lakini akanitafsiria karatasi yote polepole, sentensi kwa sentensi, hata pale palipoandikwa kuwa naweza kukataa na hakuna atakayenikasirikia. Nikasema moyoni, ngoja niijaribu hii karatasi yao.

"Yaya," nikawaambia.

Profesa akamtazama msichana. "Anasema ana yaya?"

"Hapana, profesa. Anakataa."

"Amekataa? Basi." Akafunga daftari. "Asante, mama. Samahani kwa kukusumbua."

Wakasimama wakaenda, mwanangu! Walikuwa wameshafika kwenye zizi la ng'ombe, nami bado niko palepale kwenye stuli. Mwanamke mzima, nywele zimeanza mvi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nimekataa na mtu akaacha.

Nikawaita. "Rudini, chai iko jikoni! Nilikuwa nataka kuona tu."

Tuliongea mpaka chungu cha chai kikaisha. Wakati wa kuaga akaniambia kwamba katika kitabu chake hataandika jina langu wala majina ya hao wengine, ndio utaratibu wa kazi yao. Nikamwambia sawa, wewe ficha. Mimi nitaandika yangu.

Na ninaandika sasa kwa sababu Kwamboka, aliyeolewa Nyansiongo, ana mimba ya miezi minane. Wiki iliyopita alikuwa hapa kwangu, na Moraa akaja. "Nitampeleka mimi kujifungua," akasema. "Mama yake tunamjua alivyokuwa. Lazima aende na mtu mwenye akili."

Kwamboka hakuinua hata sauti. "Shangazi, nimeshachagua mtu wa kwenda naye. Wewe utaitwa kuja kumwona mtoto."

"Umemchagua nani? Huyu?" Moraa akaninyooshea kidole.

"Huyu."

Moraa akachukua mkoba wake.

Kwa hiyo, mwanangu, hata wewe nisiyekujua, sikiliza. Ukijifungua halafu usingizi ukakuhama, au ukaanza kumwogopa mtoto wako, sema siku hiyo hiyo. Ni ugonjwa, una dawa, na mwili unabaki kuwa wako hata ukiwa mgonjwa. Karatasi ambayo hujaielewa usiiwekee kidole, hata daktari akitazama saa. Chagua mapema, akili yako ikiwa timamu, nani atakusemea ukizidiwa, na umwambie waziwazi unachotaka na usichotaka. Waheshimu wakwe, wapikie, wasalimie. Tumbo lako halimo katika heshima hiyo. Nawe ukipelekwa kumtafsiria mgonjwa, lifikishe neno lake kama lilivyotoka, hata kama halikupendezi.

Mungu akupe uzazi mwepesi na kichwa kilichotulia, akupe watoto wa idadi uliyoichagua mwenyewe. Na waliokutendea ubaya awape maisha marefu, wakuone ukizeeka vizuri.