Simu ya India, Simu ya Pakistan

Krismasi ile, kama kila Krismasi, hatukumgusa jogoo mpaka Mzee Galgalo alipofika. Alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili hapa Kariobangi, Mborana, mwenye biashara ya kuchinja na kuuza mbuzi kule Kiamaiko. Alikuja na kisu chake, akamwelekeza jogoo kibla, akasema Bismillahi, akachinja. Hapo ndipo mkewe, Mama Adan, na watoto wao wangeweza kula kwetu. Sisi ni Wabukusu, watu wa kanisani, lakini kuku anayeliwa na mlango mmoja tu ana ladha gani?

Vijana wetu wawili walikuwa ng'ambo. Vyuo vya hapa viliwafungia mlango, na karo ya huko ilikuwa nafuu. Ploti nzima, wapangaji wote wa jengo letu, ilichanga harambee mara mbili. Wekesa wangu akaenda India kusomea uhandisi, Adan akaenda Pakistan kusomea udaktari. Hakuna aliyeuliza kama nchi hizo zinapatana. Sisi tuliuliza kama kuna baridi.

Halafu redio ikasema India imelipua mabomu ya nyuklia chini ya ardhi, jangwani, kuyajaribu. Kabla mwezi haujaisha, Pakistan nayo ikajibu kwa yake. Wekesa alipopiga simu ya duka la chini, kama alivyopiga kila Jumapili, alisema watu walicheza barabarani na mama mwenye nyumba akamgawia peremende. Siku hiyo hiyo Adan naye akasema kwao waligawiwa peremende. Mama Adan na mimi tulitazamana. Watu gani hawa wanaogawa peremende kwa ajili ya kitu kinachoweza kumaliza watoto wa mji mzima?

Vijana wa ploti walifanya mzaha. "Niaje, Pakistan," walimwambia Mama Adan. "India anakungoja kwa mfereji," yaani mimi, bombani. Tulicheka. Mwaka uliofuata, nchi hizo zilipoanza kupigana kwelikweli milimani, mpakani, mzaha ukageuka mchungu. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia. Nasi nyasi zetu tulikuwa tumezipanda huko wenyewe, kwa harambee.

Niliogopa. Usiku nilimwona Wekesa ndotoni akiungua. Baba Wekesa, ambaye hofu humtoka kama hasira, alianza kusema "wenzao hao" kila alipoitaja Pakistan, akiutazama ukuta wa Mzee Galgalo, utadhani bomu lilifugwa Kiamaiko. Mama mkwe alipotutembelea, Baba Wekesa alimchinja jogoo mwenyewe. Mama Adan aliyaona manyoya mtaroni. Jioni alizitoa nguo zake kwenye kamba tuliyokuwa tukianika pamoja.

Jumapili moja mchana, mtu alipita akisema wamerusha lile bomu.

Nani? Wapi? Hakujua. Alisikia sokoni.

Nilishuka ngazi bila viatu. Mama Adan alikuwa ameshafika dukani, na mumewe nyuma yake, koti la machinjioni bado mwilini. Tulikaa benchi moja.

Tuliitazama simu.

Simu ikalia. Mwenye duka akasikiliza, akanipa mimi.

"Mama?" Alikuwa Wekesa. Hajambo. Huko hawakuwa wamesikia bomu lolote. "Adan amepiga?" akauliza.

"Bado. Wekesa, rudi nyumbani. Unanisikia? Achana na hayo masomo, urudi."

Laini ilikuwa imekatika. Nikasema "rudi" tena, kwa simu iliyokufa.

Ningeweza kupanda nyumbani kumshukuru Mungu, lakini ningemwachaje mwenzangu pale? Nilirudi benchini. Mama Adan aliushika mkono wangu, mara ya kwanza tangu yale manyoya. Alasiri simu ikalia tena, na Mzee Galgalo akaichukua mwenyewe. Nilimwona akifumba macho aliposikia sauti ya mwanawe.

"Rudi," alisema. Akasikiliza. "Najua umebakisha kidogo. Nimesema rudi."

Laini yake haikukatika.

Adan alirudi. Bomu lile la sokoni lilikuwa uvumi mtupu, na vita vyenyewe viliisha muda mfupi baadaye, kule kule milimani. Wekesa alipopiga Jumapili iliyofuata, hofu ilikuwa imenipungua, sikulirudia lile neno. Alimaliza, akawa mhandisi. Nafasi ya Adan chuoni alipewa mwingine, na nani angechanga tena?

Watu huniambia vita vile havikutugusa. Ni kweli kwamba hatukuzika mtu, nami nashukuru. Lakini najua mimi na Mzee Galgalo tulisema neno moja, siku moja, kwa simu moja, na lake ndilo lililosikika.

Wekesa alipooa, mbuzi wa sherehe alingoja mpaka mchinjaji afike. Mzee Galgalo alikuwa amezeeka, akamtuma Adan, ambaye biashara ya Kiamaiko sasa ni yake. Baba Wekesa mwenyewe alimshika mbuzi miguu. Adan aliipapasa shingo kwa vidole viwili, taratibu, kama walivyomfundisha kule Pakistan kutafuta mshipa wa mgonjwa.

"Mshike vizuri, baba," alisema, "asiumie."

Niliingia ndani nikalia, siku ya harusi ya mwanangu.