Mgeni wa Kwanza wa Kasuku

Wenzake walimwita Kasuku kwa sababu ya ule mdomo. Mpe mlango mmoja wa kuchongwa, atakuongelesha mpaka jua likuhamie utosini. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni katika mji mkongwe, kwenye vichochoro vyembamba ambamo watu wawili wakikutana, mmoja hana budi kujibanza ukutani. Alijua kisima kipi kilitangulia kuchimbwa na ngazi zipi za ngome zinateleza. Wageni aliwavunja mbavu, na wengine waliagana naye machozi yakiwalengalenga.

Mke wake hakuzaliwa hapo. Aliletwa bibi harusi kutoka mbali, akaingia katika vyumba viwili nyuma ya soko, akaweka cherehani, na hapo akakaa. Alishona sare za watoto wa watu, akalea binti yao, akamuuguza mama mkwe mpaka mwisho. Mji wenyewe aliujua kwa njia ya sokoni na njia ya hospitali, basi.

"Baba watoto," alikuwa akimwambia, uzi mdomoni, "mimi mgeni wako wa kwanza hujanitembeza bado."

"Wiki ijayo, mama. Acha wageni wapungue."

Wageni wakipungua, amechoka. Asipochoka, ana viatu vya kupeleka kwa fundi. Alimpiga kalenda miaka nenda rudi, wala si kwa ubaya. Mji upo, mke yupo, haraka ya nini?

Kisha mke akaanza kulikosa tundu la sindano. Wakacheka, wakasema ni uzee. Akaanza kujigonga kiwiko kwenye fremu ya mlango. Daktari alisema ni presha ya macho, imeshakula pembeni kote, na kilichokwenda hakirudi. Dawa ya matone ilichelewesha mambo kidogo tu. Siku cherehani ilipofunikwa shuka, Kasuku alikaa pembeni yake bila neno hata moja, yeye!

Jumapili moja asubuhi akamwambia, "Vaa viatu, twende mjini nikutembeze."

Mke akaguna kwa kicheko. "Leo? Wewe nawe!" Lakini viatu akavaa.

Walikwenda wameshikana mkono. Mbele ya mlango mkubwa kuliko yote, Kasuku akafungua kinywa kwa mazoea: "Tazameni hapa juu..." Akajikatiza. Akaanza upya: "Mkono wa kulia mnaona..." Akakwama tena. Maelezo yake yote yalidai macho. Mke akausogelea mlango, akaupapasa maua na misumari ya shaba.

"Una vumbi," akasema. "Wote hao unaowaleta, hakuna hata mmoja wa kuufuta?"

Kasuku alicheka.

Ngomeni mke akataka kupanda. Walipanda polepole, mume nyuma, kiganja mgongoni mwa mkewe. Juu kulikuwa na upepo mwingi.

"Kwetu ni wapi?" mke akauliza. "Shika mkono wangu uuelekeze."

Kasuku akaushika, akatazama. Pale aliposimama alikuwa amewaonyesha watu ghala za zamani, nyumba ya liwali, hata mnara ulioanguka. Paa lililomfunika mkewe hakuwahi kulitafuta. Nyuma ya soko aliona mabati yamebanana, yote sawasawa. Kudanganya kungekuwa rahisi; wageni aliwapamba kila siku.

"Siioni," akasema.

"Hujawahi kuitafuta?"

"Sijawahi."

Mkono wa mke ulibaki hewani kitambo, halafu akaushusha mwenyewe. "Tushuke," akasema. "Jua limeshakuwa kali."

Hawakugombana. Lakini siku chache baadaye, Kasuku alipanda tena peke yake, akayachambua yale mabati moja moja mpaka akalipata lao, na ua wao, na kamba ya nguo. Binti yao alikuwa akianika. Kasuku alimwona waziwazi akiinua mikono, akatambua kwamba asubuhi zote zile, yeye akiwa pale juu na wageni wake, mkewe alikuwa pale chini anaonekana. Angegeuka tu, angemwona.

Alirudi nyumbani akihema, akamweleza.

"Haya," mke akasema, akikunja shuka kwa kuotea pembe. "Wewe umeiona."

Jumapili bado wanatembea wote wawili, naye mke huzifurahia sana. Ngomeni tu ndiko hataki tena kupanda.